Muhuri wa Watu Wengine

SURA YA TANO

Vidonge vilikuwa ishirini na viwili. Mpelelezi Anzor Lomtadze alivimwaga juu ya meza ya chumba cha shuka, akavihesabu kwa ncha ya kalamu mara ya tatu, na mara ya tatu vikawa vile vile ishirini na viwili.

"Unavikodolea macho kama kuku anayetaka kuatamia," alisema Zhuzhuna bila kuacha kukunja foronya. "Havitaanguliwa, Bwana Anzor. Chupa ilikuja na ishirini na nane. Nilimpa mzee viwili kwa siku, siku tatu. Sita. Mjukuu wangu wa darasa la pili anaiweza hesabu hiyo."

"Damu yake haiiwezi."

"Basi nenda kaihoji damu, mimi niache nikunje."

Zhuzhuna Tevdoradze alikuwa amefanya kazi ya uuguzi katika wadi ya moyo hapa Kutaisi kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa wiki tano sasa alikuwa mkunja shuka. Alihamishiwa humo siku aliyofariki Valiko Dzidziguri, fundi mstaafu wa malori, mwenye miaka sabini na minne. Mzee yule aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, moyo unamwenda mbio, akaandikiwa dawa mpya iitwayo Serpavel, na siku ya tatu moyo ukasimama kabisa. Maabara ya mji mkuu ilichukua mwezi mzima kutoa majibu mawili. La kwanza, dawa ilikuwa halisi, si ya kughushi, na iendelee kutumika. La pili, damu ya marehemu ilikuwa na Serpavel ya mtu aliyemeza vidonge ishirini.

Majibu hayo yalimtosha mwendesha mashtaka Malkhaz. Kama dawa haina kosa, basi aliyeitoa ndiye mwenye kosa. Alikwisha kusema kwamba Ijumaa asubuhi angeitia sahihi hati ya mashtaka, na leo ilikuwa Jumatano. Zhuzhuna angeingia gerezani akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na hata akitoka, hakuna hospitali ambayo ingemruhusu kushika sindano tena.

"Daktari aliandika nini hasa?" Anzor aliuliza.

"Si umeisoma?"

"Niambie tena."

"'Serpavel, kama karatasi inavyosema.' Yaani karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi. Nayo inasema mtu mzima viwili kwa siku. Nikatoa viwili, nikaandika viwili, nikatia sahihi." Aliipanga foronya juu ya nyenzake. "Daktari hakuandika idadi, kwa hiyo daktari yuko salama. Karatasi haina mikono ya kufungwa pingu. Nimebaki mimi."

Anzor alivirudisha vidonge chupani kimoja kimoja. Katika kazi yake alichukia mambo mawili, shahidi anayelia na hesabu isiyofungana, na huyu mama alikuwa halii. Kama vidonge kumi na vinne havikutoka katika chupa hii, basi vilitoka katika chupa nyingine.

"Nani mwingine alikuwa akimpa kitu mdomoni?"

"Mkewe, nani tena? Kwani wewe ni mgeni hapa mjini? Alileta supu, maharage, mkate wa mahindi, alibakiza kubeba jiko tu. Siku moja nilimfukuza mara mbili, na mara ya tatu akapitia mlango wa jikoni."

*

Kwa akina Dzidziguri walikuwa wakijiandaa kwa arobaini. Picha ya Valiko ilikuwa sebuleni, mshumaa mbele yake, na mjane wake Lamara alikaa mezani na sinia la maharage, amevaa nyeusi kuanzia kilemba mpaka soksi. Alimkaribisha Anzor kiti, akamkaribisha kahawa, kisha akamkaribisha swali.

"Mmemkamata yule mwanamke?"

"Bado, mama. Nyumbani hapa kuna Serpavel?"

"Hakuna." Lilitoka haraka mno. Maharage mawili yakaanguka chini na hakuyaokota.

Anzor alikunywa kahawa. Macho yake yalikuwa juu ya kabati la vyombo. Juu yake palikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni uliozungushiwa utepe wa gundi wa kahawia, na ubavuni umeandikwa kwa kalamu nene: LAMARA, KUTAISI, na namba ya simu. Kila nyumba ya mji huu ina mfuko kama huo. Wanawake wetu wanalea wazee wa Italia na Ugiriki, na kila wiki mabasi madogo yanavuka mipaka mitano kuleta walichonunua, kahawa, viatu, mafuta ya zeituni. Na dawa, maana huku kwetu mtu anaweza kuishi mkabala na duka la dawa na bado akamsubiri dereva.

"Kile kifurushi kilifika lini?"

"Kipi?"

"Mama," sauti ilitoka jikoni, "mpe."

Aliyeingia alikuwa Khatuna, binti yao, mwenye miaka arobaini na kidogo, mikono ina unga. Alikuwa anafanya kazi Bari, huko Italia, akimtunza bibi mmoja wa huko, na alikuja kumzika babake akabaki hadi arobaini. "Nilituma mimi," alisema. "Boksi moja. Baba alivyolazwa nilimwuliza mama dawa inaitwaje, akanitumia picha kwa simu, nikanunua ile ile. Mpe, mama, huyu si wa kufichwa."

Lamara aliinuka kwa shida. Alifungua kabati, akasogeza glasi za wageni, akatoa boksi jeupe lenye mstari wa bluu.

"Nilitaka kumpa," alisema, na sasa alikuwa analia kweli, na Anzor akageuza uso. "Nakiri mbele ya picha yake. Nilitaka nibadilishe kimya kimya, maana ya huko ndiyo dawa, ya hapa watu wanasema ni chokaa tupu. Lakini dereva alichelewa mpakani. Ilifika siku tuliyokuwa tunamwosha."

Anzor aligeuza boksi huku na huku. Utepe wa kiwanda haukuwa umeguswa. Aliandika saa katika daftari lake, akawaambia wanawake wote wawili watazame, akaukata. Vidonge ishirini na nane. Hakuna hata kimoja kilichopungua. Pale pale njia aliyokuwa ameitegemea tangu asubuhi ikafa, na alihisi uchovu wa mtu aliyepanda ghorofa saba akakuta mlango una kufuli.

Karatasi ya maelezo ilikuwa imebaki mkononi mwake, imekunjwa mara nane. Aliikunjua kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Kisha akatoa mfukoni karatasi ya chupa ya wadi, akazilaza pamoja mezani, kando ya maharage. Kiwanda kile kile. Rangi ile ile. Picha ya kidonge ile ile. Lakini ile ya Italia ilikuwa ndefu zaidi kwa vidole vitatu.

"Unasoma Kiitaliano?"

"Kazi yangu ni hiyo," Khatuna alisema. "Bibi wa watu ana dawa kumi na moja, na kila moja namsomea mpaka anasinzia." Alifuta mikono, akainama. "Mtu mzima, viwili kwa siku. Sawa na yetu. Halafu hapa wameongeza... 'Wenye umri zaidi ya miaka sabini, au wenye figo dhaifu.'" Midomo yake ilisoma mstari huo tena bila sauti.

"Wanasemaje?"

"'Nusu kidonge. Siku moja ndiyo, siku moja hapana. Wasipewe zaidi kwa hali yoyote, kwa sababu dawa hujilimbikiza katika damu na inaweza kusimamisha moyo.'"

"Figo za mzee zilikuwaje?" Anzor alimwuliza mjane.

"Alikuwa nayo moja tu. Ile nyingine walimtoa mwaka wa mafuriko."

Hesabu ilifungana. Nusu kidonge kila baada ya siku moja ni robo kwa siku, na mzee alipewa viwili, mara nane ya kipimo, katika mwili usioweza kuitoa dawa nje. Sinki likiziba, bomba halihitaji kufunguliwa sana ili maji yamwagike sakafuni. Vidonge sita vilitosha kabisa kuonekana ishirini. Zhuzhuna hakudanganya hata neno moja, na karatasi aliyoitii ndiyo iliyoua.

Chini kabisa ya kila karatasi palikuwa na tarehe ya marekebisho, herufi ndogo kama sisimizi. Ya Kutaisi ilikuwa na umri wa miaka minne. Ya Bari, miaka miwili.

"Niliishika hii mkononi," Khatuna alisema polepole. "Dukani. Naijua lugha. Ningeifungua tu nikasoma, ningempigia yule muuguzi simu siku ile ile. Sikufungua. Niliona jina ni lile lile, nikasema basi."

Anzor alifungua daftari. Aliandika maelezo yao, wakatia sahihi, akaomba achukue boksi. Lamara alimfungia na mkate wa mahindi kwa nguvu, kwa sababu hakuna anayetoka nyumba ya msiba mikono mitupu.

*

Alhamisi saa tano asubuhi alikuwa Tbilisi, mji mkuu, ghorofa ya tatu ya ofisi inayoandikisha dawa zote za nchi. Mkuu wa rejista aliitwa Guram Abzianidze, mzee mrefu mwenye sweta la kijivu, aliyejipikia kahawa mwenyewe kwenye jiko dogo la umeme juu ya kabati la majalada. Alimmiminia mgeni kabla hajajua amekuja kwa jambo gani.

"Dawa mpya ikiletwa hapa," Anzor aliuliza, "mnaipimaje?"

"Hatuipimi." Guram alisema bila aibu. "Tuna orodha ya nchi tunazoziamini. Mojawapo ikishaikubali dawa, kwetu imekubalika. Mwagizaji analeta cheti chao, sisi tunakitambua, siku saba, muhuri, kwaheri. Jirani yangu ana saa ukutani, naiona kupitia dirisha. Ya nini ninunue ya kwangu?"

"Na jirani akisahau kuitia ufunguo?"

"Majirani zangu hawasahau." Alikoroga kahawa yake. "Unacheka. Wewe ni mdogo, Bwana Anzor, huijui zamani. Zamani tulipima wenyewe, wakemia wanne na mizani tatu, na moja katika hizo tatu ilikuwa mbovu. Dawa ilikaa rafuni miaka mitatu ikingoja zamu yake. Dada yangu alikuwa akiisubiri mojawapo. Iliandikishwa baada ya arobaini yake. Nchi ndogo ikijifanya kubwa, wanaolipia ni wagonjwa. Utaratibu huu niliupigania, na leo ningeupigania tena."

Anzor alimwamini, na aliandika maneno hayo yote. Kisha akaweka karatasi mbili mezani.

"Hii imetoka katika wadi, Kutaisi. Hii imetoka duka la dawa, Bari. Dawa ni moja. Hazisemi kitu kimoja."

Guram alivaa miwani, akatupa jicho chini ya karatasi ya kwanza, mahali pa tarehe, akaisukuma pembeni. "Hii ya Kutaisi imepitwa na wakati. Sahihi ni hii nyingine."

"Umejuaje?"

"Tarehe."

"Tarehe inakuambia ipi ni mpya. Haikuambii ipi ni sahihi. Hujasoma mstari hata mmoja, na hujaniuliza zinatofautiana wapi." Anzor aliweka kikombe chini. "Ulikuwa unajua."

Guram hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeulizwa jambo analolimudu. Aliinuka, akapitisha kidole juu ya migongo ya majalada, akachomoa moja jembamba, akalifungua mbele ya mgeni.

"Tazama mwenyewe, usije ukasema Guram anaficha. Cheti cha ng'ambo. Tafsiri ya karatasi ya kwanza. Muhuri wetu, miaka minne iliyopita. Na hapa, miaka miwili baadaye, barua ya mwagizaji. Wale wa ng'ambo waliendelea kuifuatilia dawa, wakaona wazee wanadhurika, wakakata kipimo. Kazi nzuri sana. Nakala ya karatasi mpya imeambatishwa, na barua imepokewa, imegongwa muhuri, imehifadhiwa. Hakuna kilichopotea katika ofisi yangu."

"Mkafanya nini?"

"Hakukuwa na la kufanya. Sheria inasema kinachobadilika kwao kinabadilika kwetu saa ile ile. Ndiyo maana ya kutambua. Nusu kidonge kwa wazee imekuwa kipimo halali cha nchi hii kwa miaka miwili kamili." Alivua miwani. "Huyo muuguzi wako alitoa kipimo kilichokwisha kufutwa. Nasikitika kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo."

Anzor alikuwa amesafiri kwa saa tatu kutafuta kamba ya kumwokolea Zhuzhuna, na alichopewa ni kamba ya kumfungia. Malkhaz angelibusu jalada hili. Sheria ilibadilika ndani ya folda, ghorofa ya tatu, na mwanamke aliyekuwa akikunja shuka Kutaisi alikuwa ameivunja kwa kufuata karatasi iliyokuja na dawa.

Aliivuta barua ya mwagizaji karibu, akaisoma taratibu kama anavyosoma maelezo ya washukiwa, kuanzia namba ya kumbukumbu. Kwenye kona ya chini palikuwa na maandishi madogo: ukurasa wa kwanza kati ya mbili. Alitafuta wa pili jaladani. Haukuwemo. Kisha akageuza karatasi.

"Upande wa nyuma uliusoma?"

"Barua ya kujulisha haina haja ya..."

"Soma."

Guram alivaa tena miwani. Alisoma kwa sauti, sauti ikipungua kadiri anavyoendelea: "'Tunaomba mtuelekeze kama tuchape karatasi mpya kwa lugha yetu na kuzitaarifu hospitali. Mpaka tutakapopata jibu lenu, tutaendelea kuweka ile ya zamani.'"

"Hiyo haikuwa ya kujulisha, Bwana Guram. Ni swali."

Guram alikaa. Nje ya dirisha mtu alikuwa akijaribu kuwasha gari, likikohoa na kuzima. Katika nakala iliyoambatishwa, chini ya mstari wa wazee na figo, palikuwa na alama ya penseli iliyonyooka vizuri, na pembeni maneno matatu: *Imetambuliwa. Hatua: hakuna.* Anzor aliweka kidole hapo.

"Penseli hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa hiyo ulisoma."

"Sisi hatusomi, Bwana Anzor. Tunatambua."

"Penseli ilisoma. Ilipitia karatasi nzima ikasimama kwenye mstari huu mmoja."

Mzee alikizungusha kikombe chake kwenye sahani kama wanawake wanaotazamia bahati kwenye machicha ya kahawa.

"Nitakwambia kwa nini nimekuja," Anzor alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile hasira yake ilisikika. "Malkhaz kesho anataka jina. Nimezipanga hizi karatasi zote. Muhuri wako unasema wale wa ng'ambo wamechunguza. Mwagizaji anasema anangoja ofisi. Daktari anasema kama karatasi inavyosema. Kila mmoja amemshika mwenzake shati kwa nyuma. Jina pekee lililoandikwa mahali panaposema 'mimi nimefanya' ni la Zhuzhuna. Niandikie kwamba siku fulani uliusoma mstari huu ukauelewa, na hukumwambia mtu. Basi."

"Nikiandika hivyo nimejifunga."

"Ndiyo."

"Sikumwua mtu."

"Hata Zhuzhuna hakumwua."

Guram aliitazama penseli iliyokuwa kwenye kikombe cha kalamu, kisha jalada. "Nilipigia mstari ili nikumbuke," alisema. "Nilifikiri wanajua. Mwagizaji anajua, madaktari wanajua, wanasoma majarida. Nilifikiri mimi ndiye wa mwisho kujua."

Anzor alitoa simu. Palikuwa na jambo moja lililobaki kuthibitishwa kabla hajaandika ripoti, akampigia Zhuzhuna, akaweka sauti wazi ili mzee naye asikie.

"Chumba cha shuka," ilijibu sauti.

"Ni mimi. Miaka miwili hii, wadini kwenu uliwahi kufika waraka wowote kuhusu Serpavel?"

"Wa nini? Tuliletewa waraka wa kuzima taa na waraka wa kutofuga paka. Umepata nini?"

Alimwambia. Alimwambia kwa kifupi: wazee, figo, nusu kidonge, siku moja ndiyo siku moja hapana, miaka miwili. Alimwambia kwamba hesabu yake ya sita ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Alingoja ashukuru, au alie, na alikuwa tayari hata kwa kilio.

"Mama Tsiuri," Zhuzhuna alisema.

"Nani?"

"Kitanda cha nne. Ana miaka themanini na mmoja. Asubuhi nimempelekea shuka, chupa yake ipo juu ya kabati, boksi jeupe lenye mstari wa bluu. Wamemwanzishia jana. Viwili jana, na leo..." Kitu kilianguka kule, pengine rundo la foronya. "Saa ngapi sasa?"

"Sita kasoro dakika kumi."

"Wanampa saa sita."

Walisikia mlango, kisha viatu vya mpira kwenye korido, haraka, haraka zaidi kuliko Anzor alivyodhani mwanamke wa umri ule anaweza.

"Bi Zhuzhuna, umekatazwa kugusa dawa za wagonjwa. Malkhaz akisikia..."

"Aniongezee na hilo."

Viatu, ngazi, mlango mwingine. Sauti za wadi: mtu akikohoa, kijiko kikigonga kikombe. Walimsikia akisema, "Weka chini hicho, mpenzi, weka chini, nitakueleza," na sauti changa ikilalamika kwamba daktari ameandika kama karatasi inavyosema. Guram alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

"Nimeshika kitabu cha dawa," Zhuzhuna alisema, akihema. "Nisomeeni. Sitaki kusimuliwa, nataka maneno yenyewe, kama yalivyo."

Anzor alilisukuma jalada mbele ya Guram. Mzee aliichukua nakala kwa mikono miwili. Ilikuwa kwa Kiingereza, akaifasiri neno kwa neno, akisimama penye nukta, kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Zhuzhuna alirudia kila kipande akiandika. Alipofika kwenye kusimama kwa moyo, Guram alisita, akamalizia.

"Haya," alisema Zhuzhuna. "Nimeandika. Sasa nani ameagiza?"

"Unamaanisha nini?" Guram aliuliza.

"Nabadilisha kipimo cha mgonjwa. Hapa pana safu ya jina. Mara iliyopita nilifuata 'kama karatasi inavyosema', na unaona nilipo. Sitaki karatasi, nataka mtu. Wewe unayesoma, ni nani?"

Guram alimtazama Anzor. Anzor hakumsaidia. Alikuwa ameiweka kalamu yake chini na mikono yake magotini.

"Andika Guram," mzee alisema.

"Guram nani? Wapo wengi."

"Abzianidze."

"Cheo?"

"Mkuu wa rejista ya dawa."

"Ulijua lini, niweke tarehe?"

Guram aliinamia muhuri wa ofisi yake juu ya barua, akasoma tarehe iliyomo, siku, mwezi, na mwaka, akaitamka yote. Kule Kutaisi kalamu ilisikika ikikwaruza juu ya karatasi ngumu, ikafika mwisho wa mstari, ikasimama.

"Nimeandika," alisema Zhuzhuna. "Na mimi natia sahihi chini yako. Haya, Bwana Guram, sasa tuko wawili."